Asali ya nyuki wadogo iliyotaka kuvunja posa ya mjukuu wangu

Wakuu, habari za leo.

Mtakaoniamkia, marahaba, nimeshaitikia kabla hamjaandika. Msioniamkia nanyi nawasalimu, humu ndani hatuonani mvi.

Mie ni bibi, nakaa Madale. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkikuta neno limepinda linyoosheni wenyewe, twende. Ninachowaandikia kimenitokea mie, sikusimuliwa. Kila niliyemtaja yuko hai na ana simu, akitaka kunibishia aje.

Kilichonifanya niandike ni uzi mmoja nilioukuta juzi humuhumu.

Kijana kanunua asali ya nyuki wadogo. Kaionja, ina uchachu. Kaimimina, nyepesi kama juisi ya ukwaju. Kachovya njiti ya kiberiti, kaikwangua, haikuwaka. Akauliza, wakuu nimepigwa?

Na nyie mkamjibu kwa sauti moja kwamba kapigwa.

Nilicheka peke yangu pale uani mpaka kuku wakashtuka. Maana kiberiti hichohicho nusura kivunje posa ya mjukuu wangu Zuhura.

Kaeni vizuri.

Mie ni Mnyamwezi, nimezaliwa ndani ndani huko Sikonge, Tabora. Baba yangu Mzee Kasimu alikuwa mrina asali. Mizinga ya magome juu ya miti ilikuwa ya nyuki wakubwa, wale wa kuuma. Ya nyuki wadogo alikuwa anaikuta ndani ya magogo, na hiyo ndiyo aliyokuwa anatupa sie watoto tukikohoa.

Kwa wasiowajua, nyuki wadogo ni weusi, kama visubi hivi. Hawaumi. Ukiwachokoza wanakuingia masikioni na kwenye nywele, basi. Hawajengi masega. Wanafinyanga vyungu vidogo vya nta na utomvu wa miti, kila chungu kama zabibu, wanajaza asali, ikishaiva wanakifunga juu.

Nimekuja Dar nimemfuata marehemu mume wangu Mzee Athumani. Tumekaa Temeke miaka mingi, ndipo tukapata kiwanja huku Madale. Wakati watu wanasafisha viwanja wajenge, jirani yangu Mama Neema alikata mkorosho mkavu, mafundi wakakuta nyuki ndani wakataka kuwachoma moto. Nikasema nipeni mie hilo gogo.

Basi habari zikaenea kwamba kuna bibi anapokea magogo. Leo ninayo manne, yananing'inia kwa waya chini ya paa la nyuma. Nimeyapa majina ya walioniletea. Kuna Mama Neema, kuna Fundi Sefu, kuna Mzee Chacha, na la nne naliita Kwaya, maana lilitoka kwenye kiwanja cha kanisa na wanakwaya ndio walinibebea.

Sasa turudi kwa Zuhura.

Zuhura ni mtoto wa marehemu mwanangu Ramadhani. Nimemlea tangu ana miaka mitatu. Ni fundi cherehani, ana kibanda chake hapo barabarani. Mwaka jana akamwita fundi umeme amvutie umeme, kijana mmoja wa Tandika anaitwa Idrisa. Umeme uliwaka siku ya kwanza. Idrisa akaendelea kuja kuukagua wiki sita.

Nikajua hapa kuna ishu.

Idrisa hana mama wala baba, kalelewa na shangazi yake, Bi Mwanaisha. Huyu mama ni Mzaramo wa palepale Tandika, mtu wa dini, anasomesha wanawake Kurani nyumbani kwake. Hakuna jambo la Idrisa linalopita bila yeye. Na mie nililipenda hilo, maana kijana anayemsikiliza aliyemlea anaozeka.

Posa ikaja. Mshenga alikuwa Mzee Shomari, mtu mpole, kofia haimtoki kichwani. Tukakubali. Tukapanga Jumamosi ya kuleta mahari, wiki tatu mbele.

Mzee Shomari akatuambia Bi Mwanaisha mwenyewe alishindwa kuja siku ile kwa sababu kikohozi kimemkalia kifuani.

Wakuu, mkimwambia mtoto wa mrina asali kwamba mkwe anakohoa, mnategemea atafanya nini? Nikamwambia Mzee Shomari asubiri kidogo, nikaingia nyuma.

Ilikuwa katikati ya masika. Nikafungua gogo la Fundi Sefu. Vyungu vilivyofungwa vilikuwa vichache, vikanipa nusu chupa tu, chupa ya juisi ile ya plastiki.

Sasa kwetu huwezi kumpelekea mkwe chupa pungufu. Ni kama kumwambia nyingine tumeilamba wenyewe. Mshenga yuko barazani anatazama saa. Nikatoboa na vile vyungu vilivyokuwa bado wazi, nikajaza chupa mpaka mdomoni, nikakaza kifuniko kwa nguvu zangu zote ili isimwagike njiani.

Nikaifunga na kanga mpya. Mzee Shomari akaondoka nayo.

Haya yanayofuata niliyajua baadaye kwa kinywa cha Idrisa, ila nayaweka hapa ili mfuate vizuri.

Siku mbili za mwanzo Bi Mwanaisha alikunywa kijiko kwenye maji ya vuguvugu, koo likalainika, akanisifu kwa majirani. Chupa akaiweka juu ya friji. Juu, si ndani. Joto la Tandika mnalijua.

Siku ya saba walikuja wanafunzi wake, kinamama. Akataka kuwaonyesha dawa aliyoletewa na mkwe wake wa Madale. Akashika chupa, akazungusha kifuniko.

Kifuniko kilimtoka mkononi kikagonga feni. Povu likamrukia mpaka kwenye mtandio. Na harufu ikajaa chumba kizima, harufu ambayo katika nyumba ile haijawahi kuingia.

Kulikuwa na mama mmoja pale anaitwa Bi Sauda, yeye kila kitu anakijua kipimo chake. Akaomba kiberiti. Akachovya njiti, akaikwangua, ikafa. Akachovya nyingine, ikafa. Akaomba glasi ya maji akadondosha tone, likayeyuka kabla halijafika chini. Akatoa hukumu: haya ni maji na sukari, na kuna kitu kimevundikwa humu.

Hapohapo Mzee Shomari, ambaye nyumba yake iko mlango wa pili, akaitwa anipigie simu.

Mie nilikuwa nachambua mchicha. Mzee Shomari akanisalimia vizuri, halafu akasema:

"Bi Hadija, Bi Mwanaisha anauliza, mbona asali uliyompa imelewa?"

Hapa nisimame kidogo kwa wasiojua, maana vijana wa siku hizi mnaoa makabila bila kuuliza.

Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Toka enzi za misafara, babu zetu wanakuja pwani na mizigo kichwani, Wazaramo ndio wenyeji. Tunatukanana tunacheka. Tulipokuwa Temeke nilikuwa na jirani Mzaramo, Bi Pili, siku ya msiba wa Mzee Athumani alikaa mlangoni na sufuria langu la ubwabwa akakataa kulitoa mpaka Wanyamwezi wamwombe kwa magoti. Nililia na kucheka kwa wakati mmoja. Huo ndio utani, unapunguza machungu.

Kwa hiyo mie kusikia asali imelewa, na anayesema ni Mzaramo, nikajua mambo ndiyo hayo. Utani umeanza! Tena mapema, kabla hata ya ndoa. Nikafurahi.

Nikamjibu:

"Mwambie Mzaramo aliyekuzwa kwa madafu hawezi kuijua asali. Kama kalewa, akalale."

Nikacheka, nikakata simu, nikarudi kwenye mchicha wangu.

Sikujua kwamba simu ya Mzee Shomari ilikuwa imewekwa spika, katikati ya mkeka, kinamama wote wamenyamaza wanasikiliza.

Jumamosi ya mahari ikafika. Nimepika pilau, mabibi wenzangu wamekuja, Zuhura kapakwa hina. Saa nne kimya. Saa sita kimya. Simu ya Mzee Shomari haipatikani. Adhuhuri ikapita, alasiri ikapita.

Tukagawa pilau kwa majirani. Wakala wakatuombea heri bila kuuliza, na hilo ndilo liliniuma zaidi.

Kesho yake akaja Idrisa peke yake. Akakaa kwenye mkeka, akasimulia yote niliyowaeleza hapo juu, chai hakuigusa. Halafu akasema, "Bibi, shangazi hajakataa. Kasema tu hana mguu wa kuja Madale. Na mie bila yeye siwezi kuja."

Zuhura hakulia mbele yake. Alikwenda kwenye cherehani, akashona mkono wa gauni la mteja kwenye tundu la shingo, ndipo akalia.

Na mie mnajua niliwaza nini? Sikuwaza Zuhura. Nilisema kwa sauti, kwamba mie mtoto wa Mzee Kasimu naitwa mchakachuaji wa asali? Nitawaonyesha.

Zuhura akaniangalia. Akaniambia, "Bibi, mie sitaki ushinde. Nataka niolewe."

Lilinikata maini, ila bado nilitaka kushinda.

Nikachukua mabaki ya asali ileile, kama nusu glasi iliyokuwa imebaki kwenye kichupa kabatini, nikaenda kwa jirani yangu Mwalimu Agripina. Huyu ni Mhaya, mstaafu, kafundisha kemia sekondari maisha yake yote, na mpaka leo ukimwomba chumvi anakuuliza unataka kiasi gani na kwa kazi gani. Nikamwambia naomba nipimie hii asali, nipate ushahidi wa kwenda nao Tandika.

Mwalimu hana haraka. Akaniambia nilete na asali nyingine ya nyuki haohao niliyovuna zamani. Nilikuwa nayo, ya kiangazi, iko kwenye friji ya Zuhura. Akaziweka mezani mbili, akavaa miwani.

Njiti ikafa kwenye zote mbili. Tone likayeyuka kwenye zote mbili.

Nikashtuka, nikamwambia Mwalimu, hii ya pili nakuapia ni asali tupu. Akasema najua, tulia.

Alinieleza hivi, na alipoona namsumbua kwa maswali akaniandikia kwenye karatasi, ninayo hapa.

Nyuki wakubwa wanaipepea asali kwa mabawa mpaka maji mengi yanatoka, ndiyo maana ni nzito. Ya nyuki wadogo inabaki na maji mengi zaidi, ndivyo ilivyo tangu kwenye chungu chake. Njiti ukiichovya humo inaloana, itawakaje? Na akasema hicho kiberiti hata kwa asali ya kawaida si kipimo, maana sukari ikichemshwa mpaka ikawa nzito inaweza kukipita.

Halafu akatoa vikaratasi vyake vya shule, vya bluu. Akachovya, vikawa vyekundu. Asidi. Akasema uchachu ule ni asidi za asili, mojawapo inaitwa asidi ya glukoniki, na pamoja na sukari yenyewe zinawafanya bakteria wengi washindwe kuishi humo. Kuna pia vitu vinavyotoka kwenye maua na kwenye ule utomvu wa vyungu, wataalamu wanaviita antioksidanti, kwa kawaida asali hii inasifiwa kwa kuwa navyo kwa wingi.

Na kuna sukari moja wameikuta kwenye asali za baadhi ya nyuki wadogo wa nchi nyingine, inaitwa trehalulosi, inaingia kwenye damu polepole kuliko sukari ya kawaida. Nilimfanya alitaje jina mara nne mpaka nikalishika. Ya magogo yangu kama inayo, hajui, maana inategemea aina ya nyuki na haijapimwa, na Mwalimu hasemi asichokipima.

Mie pale kichwa kimevimba. Nikasimama, nikamwambia basi niandikie barua niipeleke.

Akasema, "Kaa chini, Mama Ramadhani. Sijamaliza."

Akafungua tena ile nusu glasi niliyokuja nayo. Ikasema tsss. Kandoni ilikuwa na mapovu madogo. Ile ya friji haikuwa na hata povu moja, inanuka maua na limau.

Akaniuliza, "Hii uliivuna vyungu vimefungwa?"

Wakuu, hapo ndipo nilipokaa chini.

Baba alinifundisha hilo nikiwa sijui hata kufunga kanga. Chungu kilicho wazi bado kinafanyiwa kazi, maji bado mengi, kiache. Mie kwa kutaka chupa ijae mbele ya mshenga nikavitoboa. Hamira za asili zinakuwemo kwenye asali, zikipata maji mengi na joto zinaamka, zinakula sukari zinatoa gesi na kilevi kidogo. Nimejaza mpaka mdomoni, nimekaza kifuniko, gesi ikae wapi?

Mwalimu akasema, "Kwa kiberiti umeonewa. Kwa harufu hukuonewa."

Basi nikawa sina tena ushahidi wa kwenda nao. Nina aibu ya kwenda nayo.

Nilikaa siku nzima natafuta njia ya kusema nusu. Kwamba niseme la kiberiti, la vyungu ninyamaze. Nani angejua? Mwalimu Agripina hawezi kufika Tandika. Lakini kila nikipita namkuta Zuhura anafumua ule mkono wa gauni, uzi mmoja mmoja. Nikaona hapana.

Jumatano asubuhi Idrisa akaazima kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Nikaziba tundu la gogo la Mama Neema kwa kipande cha neti, nikalifunga kwa kanga, nikalipakata mbele. Tukaenda polepole vyungu visipasuke. Kila tuta Idrisa anasema samahani, sijui alikuwa anawaambia nyuki au mie.

Zuhura alibaki nyumbani, si adabu mchumba kuwepo.

Tumefika tukamkuta Bi Mwanaisha kwenye mkeka na tasbihi yake. Mzee Shomari yupo. Na Bi Sauda yupo, kaja na kiberiti chake mkononi.

Akanikaribisha kwa salamu zote, uso umefungwa. Nikakaa chini. Gogo nikaliweka pembeni, sikulifungua.

Nikamwambia, "Bi Mwanaisha, kiberiti kilikudanganya, na nitakuonyesha. Lakini pua yako ilisema kweli. Ile asali niliivuna mbichi, ikachachia ndani ya chupa. Kosa ni langu."

Mzee Shomari akainua kichwa. Nadhani alitegemea nitabisha.

Bi Mwanaisha alizungusha tasbihi muda mrefu. Akasema, "La asali nimeshalimaliza. Nimeuliza kwa wanaojua, nikaambiwa aliyetumia bila kujua hana neno." Akaiweka tasbihi chini. "Lililonikaa ni ile akalale. Mbele ya wanafunzi wangu."

Nikasema, "Nilidhani ni utani."

"Utani na nani? Posa umeshaikubali. Mimi ni mkwe wako. Mkwe hataniwi."

Hapo nilikosa pa kuuweka uso.

Maana ni kweli tupu, na nilikuwa nalijua. Watani mkishaposana, utani unafunikwa, inabaki heshima. Mie mwenyewe mama mkwe wangu, Mungu amrehemu Bi Mtumwa, sikuwahi hata kumpita mbele. Mshenga alipoondoka na jibu la posa siku ile, aliondoka na utani wangu. Mie sikuona. Nilisikia Mzaramo, sikusikia mkwe.

Nikamwomba radhi. Sikupamba maneno. Nilimwambia nimekukosea mara mbili, kwa chupa na kwa mdomo, na Zuhura hayumo katika yote mawili.

Akatazama lile gogo. Akauliza, "Humo mna nini?"

Nikafungua.

Nyuki walitoka kama moshi. Idrisa akajifunika shati. Bi Sauda alipomwona wa kwanza kwenye ushungi wake alikimbilia chooni akajifungia. Bi Mwanaisha hakusogea. Waliingia mpaka kwenye nyusi zake, yeye anawatazama tu wanavyotembea kwenye mkono. Nikamwonyesha vyungu, hivi vimefungwa, hivi wazi, hivi ndivyo nilivyotoboa kwa pupa. Nikatoboa kimoja kilichofungwa, nikamnyonyea kwa mrija mpya, nikaweka kwenye kisosi.

Akanusa kwanza. Akaonja. Akaonja tena.

Halafu akachukua kiberiti cha Bi Sauda mwenyewe, akachovya njiti, akaikwangua. Ikafa. Asali imetoka kwa nyuki mbele ya macho yake.

Kutoka chooni Bi Sauda akauliza kwa sauti, vipi, imewaka? Mzee Shomari akamjibu haijawaka.

Bi Sauda akasema, "Basi nyuki wenyewe ndio wachakachuaji."

Mzee Shomari akashika kofia. Nikamwona Bi Mwanaisha mabega yanatikisika, anajizuia, anajizuia, akashindwa. Akacheka mpaka kikohozi kikamrudia, na Idrisa akaenda kumshika mgongo.

Alipotulia akafuta macho, akamgeukia Mzee Shomari.

"Shomari, shika saa. Kwa dakika tano huyu si mkwe wangu."

Akanigeukia mie. Wakuu, mwanamke yule mnayemwona na tasbihi, siwezi kuwaandikia yote aliyosema. Moja nitawapa.

"Nyie Wanyamwezi mlifika pwani hii mmebeba mizigo ya watu vichwani. Mkaambiwa imetosha, kuna treni, kuna magari. Haya, bibi mzima na mvi zako, leo umenibebea gogo mpaka Tandika!"

Nilicheka nikalala kwenye mkeka. Nikataka kumjibu, akaninyooshea kidole, akasema dakika ni zangu peke yangu, wewe ulishatumia zako kwenye simu.

Mzee Shomari akasema saa imefika.

Bi Mwanaisha akaweka mtandio wake sawa, uso ukarudi wa heshima kama aliyefunga mlango taratibu. Akasema, "Mkwe, nawa mikono, chakula tayari. Na Jumamosi tunakuja."

Wakaja. Ndoa imefungwa. Zuhura sasa yuko Tandika, kibanda cha cherehani kahamia huko, na sijui umeme wake unakaguliwa na nani, hilo si langu.

Naona kabla sijamaliza kuna mkuu kashaniuliza kama mwenye kisukari anaweza kuitumia hii asali. Mjukuu wangu, nilimuuliza Mwalimu swali hilohilo. Kasema asali ni sukari, hata ikiwa na trehalulosi, kwa hiyo amuulize daktari wake kwanza. Na mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali yoyote kabisa, ya wadogo wala ya wakubwa. Hili zamani hatukulijua, tuliwalambisha, naandika ili nyie msirudie.

Mwingine kauliza kidonda. Hospitali wanaotumia asali wanatumia iliyosafishwa maalumu. Ya kabatini kwako kula.

Na kikohozi cha Bi Mwanaisha, asali ilimlainishia koo, lakini kilipofika wiki ya nne nilimwambia Idrisa ampeleke akapimwe, akapewa dawa akapona. Mie mtoto wa mrina asali nimesema hivyo, nikitaka kuidanganya dunia ningesema imemponya asali.

Kwa anayenunua: ikiwa nyepesi na ina uchachu wa ndimu, usimtukane muuzaji. Muulize kavuna lini, vyungu vilikuwa vimefungwa? Inuse. Ikinuka maua na ndimu, sawa. Ikinuka kama kitu cha kilabuni na ina povu, imechacha. Weka kwenye friji, acha nafasi juu ya chupa. Chupa pungufu, wakuu. Hata kwa mkwe. Mwambieni tu kwa nini.

Nililojifunza mie kwa umri huu ni kwamba asali niliijua tangu utotoni na bado niliikosea, kwa sababu nilitaka kuonekana nimejaza. Na nilipoambiwa, nilikimbilia kupima asali nikasahau kupima maneno niliyomtumia mtu. Yule mama povu alilifuta siku ileile. Neno ndilo lililomkaa.

Basi uwanja ni wenu. Mwenye gogo lake asimulie, mwenye swali aulize, nitajibu taratibu maana natumia kidole kimoja. Na Mzaramo yeyote ruksa kunitania hapa chini nami nitamrudishia, ila aseme kwanza kama hana mpango wa kuoa kwangu.